Jinsi ya kutembelea Sharon Springs, kamji ka maji ya salfa New York, bila kurudi umenuna

Wengi wetu tunaokaa huku Utica, Albany, Syracuse, na hata wale wa New York City wanaopanda juu kusalimia ndugu, tukisikia chemchemi ya maji ya madini akili inaenda moja kwa moja kwenye maji ya moto, taulo nyeupe na mtu anakukanda mgongo. Sharon Springs ilikuwa hivyo kweli ila ni zamani hiyo. Sasa hivi ukienda kwa mategemeo ya spa utafika, utaona majengo makubwa yamezibwa madirisha, utasikia harufu, utageuza gari na kurudi unanung'unika mafuta yamepotea bure. Nimesikia watu wakilalamika hivyo hivyo na ndio maana naandika haya, kwa sababu hapo mahali ni pazuri sana kwa siku moja, tatizo ni kwamba hakuna anayekwambia unaenda kuangalia nini.

Kwa kifupi unaenda kuangalia mji ambao watu elfu kumi walikuwa wanamiminika kila kiangazi na leo wakazi wake ni mia tano na kitu tu, na maji yaliyowaleta bado yanatoka vile vile, bure, saa ishirini na nne. Ukilishika hilo safari nzima inakaa sawa.

KUFIKA

Uko kaunti ya Schoharie, kama maili 50 magharibi ya Albany, pale Route 20 inapokutana na Route 10. Ukitokea Albany unaifuata Route 20 tu kuelekea magharibi mpaka ufike, ni barabara ya milima na mabonde, inapanda inashuka, mashamba kushoto na kulia, raha tupu kama huna haraka. Wa Utica na Syracuse shikeni Thruway, ile barabara kuu ya kulipia, kwenda mashariki, tokeni exit 29 Canajoharie, halafu Route 10 kusini kama dakika kumi na tano hivi. Kumbuka ukija njia hii unaingia kijijini kwa upande wa chini, wakati wa Albany wanaingia kwa juu. Hiyo Route 10 ikishaingia mjini ndio inakuwa Main Street, kwa hiyo hata ukilala usingizi kwenye kiti cha abiria ukiamka uko mjini.

Usitegemee basi wala treni. Treni ilikuwepo, tangu karne ile ya kumi na tisa watu walikuwa wanapanda New York City na Boston wanaletwa na reli, ila hiyo hadithi imeisha, leo bila gari hufiki. Jaza mafuta kabla ya kutoka Thruway na shusha ramani kwenye simu mapema maana mtandao kule milimani unakuja na kuondoka unavyojisikia.

Kitu kingine cha barabarani ambacho wageni hawakijui: eneo lile lina Amish, watu wanaoendesha vigari vya farasi barabarani hizo hizo unazopita wewe na gari lako. Unapanda kilima kwa spidi, ukifika juu unakuta kigari cheusi mbele yako kinajivuta. Punguza mwendo kabla ya kila kilele, usipige honi, farasi anashtuka, subiri uone mbele vizuri ndio upite kwa upana. Na jioni kuna kulungu. Mimi kwa kweli siendeshi kule usiku kama sina ulazima.

LINI UENDE

Mwisho wa Mei mpaka Oktoba, basi. Baada ya hapo theluji inashuka na kijiji kinalala, maduka mengi yanafungua siku chache au hayafungui kabisa. Oktoba mwanzoni ndio bora kuliko zote kwa sababu majani ya miti yanabadilika rangi na hewa ni kavu, harufu ya salfa haikukabi sana. Jumamosi utakuta uhai kidogo, katikati ya wiki unaweza ukatembea mtaa mzima ukakutana na paka na mtu wa posta tu, kuna wanaopenda hivyo. Kuna tamasha la mavuno msimu wa vuli ambapo watu wanajaa mpaka unakosa pa kupaki, ukienda siku hiyo utafurahia vyakula na vibanda ila mji wenyewe hutauona. Uchague.

Popote unapotaka kula au kulala piga simu kwanza. Nasisitiza hili, usiamini saa zilizoandikwa kwenye Google, mji mdogo mwenye duka akiwa na msiba anafunga.

KUTEMBEA: ANZA NA PUA

Paki gari, vaa viatu vya kutembea, mtaa una mteremko. Usianze na maduka. Anza na maji.

Utayanusa kabla hujayaona, ni yai viza lile lile, halina mjadala. Watoto watacheka watashika pua, waache. Waliowahi kufika kwenye zile chemchemi za salfa karibu na Amboni kule Tanga wataijua harufu mara moja, ila tofauti ni kwamba haya ya Sharon Springs ni ya baridi, yanatoka ardhini baridi kabisa, zamani walikuwa wanayachemsha ndio wakuogeshe.

Kando ya Main Street kuna vibanda vya zamani vyenye nguzo, wao wanaviita mahekalu, kila kimoja kimejengwa juu ya chemchemi yake. Kuna cha magnesia, cha mwaka 1863, kuna cha salfa nyeupe ambacho ni cha mwaka 1927, na kuna cha maji yenye chuma. Hapo ndipo ujanja wa mji huu ulipokuwa, chemchemi za aina tofauti zimepangana hatua chache kutoka moja mpaka nyingine, kwa hiyo mgonjwa anakunywa hii asubuhi, ile mchana, na kuoga nyingine jioni.

Simama kwenye maji ya salfa uangalie vizuri, usikimbilie selfi. Maji yanatoka masafi, unayaona kama maji ya bomba tu. Lakini pale yanapopita juu ya jiwe kumeota utando mweupe, nyuzi nyuzi laini zinacheza na mkondo, na yakituama kidogo yanaanza kuwa na ukungu wa maziwa. Kinachotokea ni hiki: mvua inazama chini inapita kwenye mawe ya chokaa na jasi, inabeba salfeti, huko chini kusiko na hewa kuna bakteria wanaibadilisha kuwa gesi ya haidrojeni salfaidi, ndio hiyo inayonuka. Maji yakitoka nje yakakutana na hewa, salfa inajitenga inakuwa vumbi jeupe dogo dogo ndani ya maji, na nyuzi zile ni bakteria wengine wanaokula hiyo salfa. Kijito kinachopita mjini kinaitwa Brimstone Creek, yaani kijito cha kiberiti kabisa, hawakujificha. Kwenye maji ya chuma utaona kinyume chake, mawe yamepata kutu nyekundu.

Jaribio la kufanya na watoto: chukua kitu cha fedha halisi ambacho hukijali, kipini au sarafu ya zamani, kiweke kwenye kikombe cha maji hayo kikae huku mnatembea. Mkirudi kimekuwa kahawia au cheusi. Kwa sababu hiyo hiyo vua pete na cheni za fedha kabla ya kuchezea maji. Na kama umesahau na mkufu umekuwa mweusi usilie, nyumbani weka karatasi ya foili kwenye bakuli, mkufu juu yake uguse foili, magadi soda kidogo, maji ya moto, dakika chache unarudi kung'aa.

Swali ambalo kila mtu anauliza, tunywe? Maji hayo hayajatibiwa, ni ya ardhini moja kwa moja. Kibao kikisema usinywe, usinywe. Kama hakuna kibao mtu mzima mwenye afya akionja funda moja ajue ladha, sawa, ni lake. Watoto, wajawazito, wenye matatizo ya figo, hapana. Na wale wenye tabia ya kwenda na madumu kwenye kila maji yanayosifiwa, haya hayabebeki, ile gesi inatoka njiani, gari linanuka wiki nzima na ukifika nyumbani una maji ya kawaida yenye vumbi jeupe chini.

Naomba hapa niseme jambo moja kwa wazazi na wachungaji wanaoandaa safari za kanisa. Mwaka 2011 tuliona foleni ya magari kwenda Samunge kwa Babu wa Loliondo, na tuliona pia waliorudi wakaacha dawa zao. Sharon Springs nayo ilikuwa inauza tumaini, walikuwa wanakwambia maji yanatibu baridi yabisi, ngozi, tumbo, kifua, na kweli ukimweka mtu mwenye maumivu ya viungo kwenye maji ya moto akapumzika wiki tatu, hewa safi, chakula kizuri, hakuna kazi, atajisikia nafuu hata kama maji hayana salfa. Nendeni mkaone, mkanuse, mkasome. Dawa za presha ziendelee.

SASA SOMA MAJENGO

Ukitoka kwenye maji ndio uinue macho uone mji. Kuna vibao vyenye picha na maelezo vimewekwa njiani, vina picha za mahali uliposimama wewe lakini pamejaa wanawake wa magauni marefu na miavuli. Simama kwenye kila kimoja. Bila hivyo utaona magofu tu, na magofu bila hadithi yanachosha ndani ya dakika kumi.

Hadithi yenyewe ukiwa unatembea ni hii. Wenyeji wa asili wa bonde la Mohawk walikuwa wanayatumia maji haya kabla wazungu hawajafika. Miaka ya 1820 ikaanza nyumba ya kulala wageni, 1836 ikajengwa Pavilion, hoteli kubwa juu ya kilima, na kuanzia hapo mji ukapaa. Akina Vanderbilt, wale matajiri wa reli, walikuja. Oscar Wilde, yule mwandishi wa Ireland, alipokuwa anazunguka Marekani akitoa mihadhara alizungumza hapo Pavilion Agosti 1882. Wakati wa kilele kulikuwa na hoteli na nyumba za wageni zaidi ya sitini. Sitini, kwenye kijiji ambacho leo unakimaliza kwa miguu kabla chai haijapoa kwenye chupa.

Halafu matajiri wakahamia Saratoga, mji mwingine wa maji ya madini kaskazini ya Albany. Kule kulikuwa na mbio za farasi na kamari, nani atakaa Sharon ananusa salfa. Na hapa ndio sehemu ambayo mimi inanishika zaidi ya zote. Mwaka 1877 Joseph Seligman, bwana wa benki, mtu mkubwa kabisa, alikwenda Saratoga hoteli ya Grand Union akaambiwa hapokelewi kwa sababu ni Myahudi. Ikawa kashfa ya nchi nzima, lakini badala ya mlango kufunguka hoteli nyingi zaidi zikaanza kufanya hivyo hivyo waziwazi. Sasa familia za Kiyahudi zilizofungiwa kule ziende wapi kiangazi? Wakaja Sharon Springs. Mji uliokuwa unaachwa na wakubwa ukapata wageni wapya kwa sababu wakubwa hao hao walikuwa wanafukuza watu kwingine. Kwa hiyo zile hoteli unazoziona, sinagogi, majiko ya kosher, yaani ya chakula kinachofuata sheria ya dini ya Kiyahudi, yote yanatokana na hapo.

Hoteli ya Adler, lile jengo kubwa kuliko yote yaliyobaki, ni ya mwisho wa miaka ya 1920, na Imperial Baths, nyumba ya kuogea, ni ya kipindi hicho hicho. Ed Koch, ambaye baadaye alikuwa meya wa New York City, alifanya kazi Adler akiwa kijana mwaka 1946, kazi yenyewe kukusanya vyombo mezani. Vijana wetu wanaosafisha meza kwenye mahoteli huku wakisoma kolegi, mnisikie.

Na kuna wimbi la mwisho ambalo wengi hawalijui kabisa. Baada ya vita kuu ya pili Ujerumani Magharibi ilikuwa inalipa fidia kwa walionusurika mauaji ya Wayahudi, na fidia hiyo ilijumuisha matibabu, na kwa Wajerumani kukaa kwenye maji ya madini kulihesabika kuwa ni matibabu halali. Kwa hiyo watu waliotoka kambini, wanaoishi sasa Brooklyn na kwingineko, walikuwa wanakuja kiangazi kuoga salfa Sharon Springs kwa hela ya serikali ya Ujerumani. Fikiria hilo ukiwa umesimama mbele ya Imperial Baths. Wazee wa Kihasidi, Wayahudi wanaoshika dini sana, waliendelea kuja miaka mingi mpaka idadi ikapungua yenyewe, watu wanazeeka, wanakufa, watoto wao wana bima na Florida.

Mji uliporomokaje? Sio kitu kimoja. Eneo lile lilikuwa linalima hops, mmea wa kutengenezea bia, marufuku ya pombe ya 1920 ikalimalizia soko lililokuwa tayari linayumba. Dawa za hospitali zikawa nzuri, nani aoge wiki tatu kwa ajili ya kile ambacho kidonge kinatuliza. Kisha miaka ya 1950 ikaja Thruway. Kabla ya hapo magari yote ya kwenda magharibi yalikuwa yanapita Route 20, yanasimama, yanakula, yanalala. Thruway ilipofunguliwa magari yakahamia bondeni na Route 20 ikabaki na sisi wapenda milima. Pavilion yenyewe ilikuwa imeshabomolewa tangu 1941.

Mwaka 1994 eneo la majengo ya kihistoria liliingizwa kwenye orodha ya taifa ya urithi, hiyo inasaidia kidogo kwenye heshima, ila orodha haiezeki paa.

MAGOFU: ANGALIA, USIINGIE

Najua kuna vijana mnaenda kwa ajili ya picha za ndani ya hoteli zilizotelekezwa, mmeziona mitandaoni, zinavutia kweli. Usiingie. Kwanza sakafu zimeoza, unakanyaga zulia chini yake hakuna kitu. Pili salfa, ile gesi kwenye hewa ya wazi ni harufu tu, ila kwenye vyumba vya chini vilivyofungwa, visima, mashimo ya mabafu, inaweza kukusanyika, na ubaya wake ikiwa nyingi pua inaacha kuinusa, unadhani imeisha kumbe ndio imezidi. Tatu, na hii nawaambia kama kaka, majengo yana wenyewe. Kuingia ni kosa la jinai dogo kwa mwenye uraia, lakini kwa mtu ambaye makaratasi yake yako kwenye foleni hakuna kosa dogo. Piga picha ukiwa barabarani, mwanga wa jioni unapiga vizuri tu mbele ya Adler hata kwa mbali.

Na vile vile msiende kama msafara. Kijiji cha watu mia tano wakiingia watu ishirini na magari manne na spika, kila mtu atajua ndani ya dakika tano. Salimia. Huku vijijini watu wakikutana njiani wanasalimiana hata kama hawajuani, tofauti na mjini, na sisi salamu tumezaliwa nazo kwa hiyo hapo hatuna shida. Ukimkuta mzee amekaa kibarazani muulize kama aliwahi kufanya kazi kwenye mahoteli, swali hilo moja linaweza kukupa saa nzima ya mazungumzo bora kuliko kibao chochote.

WALIOUFUFUA

Usidhani ni magofu matupu. Hoteli ya American, ya mbao, ina baraza refu mbele, ilikuwa imekwisha kabisa mpaka wanaume wawili wakainunua wakaikarabati wakaifungua 2001, vyumba vichache tu lakini ndio ilionyesha watu kwamba inawezekana. Halafu 2007 wakaja wengine wawili, Josh Kilmer-Purcell na Brent Ridge, wakanunua jumba la zamani la mfanyabiashara William Beekman nje kidogo ya kijiji. Walikuwa watu wa mjini, walitaka sehemu ya wikiendi. Mwaka uliofuata uchumi ukaanguka wakapoteza kazi, wakabaki na nyumba, deni na mbuzi. Wakaanza kutengeneza sabuni ya maziwa ya mbuzi. Kikaja kipindi cha televisheni kuhusu wao 2010, wakashinda na yale mashindano ya televisheni ya The Amazing Race 2012, na biashara yao, Beekman 1802, sasa hivi ni kampuni kubwa ya vipodozi. Duka lao liko hapo Main Street, ingia uone, linanukia vizuri baada ya salfa yote ile, ila ujipange, sio sabuni ya mche hiyo. Jumba lenyewe ni makazi ya watu, usiende kuchungulia getini.

Watu wengine wanasema hao jamaa wameubadilisha mji kuwa wa watalii wa sabuni. Mimi naona afadhali, kati ya mji unaouza sabuni na mji unaouza mbao za madirisha nachagua sabuni. Upande wa mabafu kuna wawekezaji waliyanunua miaka ya 2000 kwa nia ya kurudisha spa, na mpaka hapo kitakapofunguliwa kitu wewe panga safari kama vile hakuna.

CHAKULA NA MENGINE

Beba chakula. Sio kwamba hakuna pa kula, papo, lakini pachache, panafunga mapema na ukienda na familia ya watu saba bajeti inaumia. Chapati, kuku wa kukaanga, chai ya maziwa kwenye chupa, matunda, mmemaliza. Wanaotafuta halali usitarajie kuipata pale, mji ulioishi kwa kosher miaka mingi leo hauna hiyo wala hiyo. Kaeni mbali kidogo na chemchemi mnapokula, kwa sababu mnazozijua. Takataka zenu mrudi nazo. Maliwato tumia ya mahali unaponunua kitu, nunua hata kahawa, na beba hela taslimu kidogo maana vibanda vya mashambani njiani, vya mahindi, maboga na asali, vingine ni kopo tu mezani, unachukua unaweka hela unaondoka, hakuna muuzaji.

Kijiji chenyewe kinatosha nusu siku. Nusu nyingine unganisha na kitu, na hapa ushauri wangu ni Howe Caverns, mapango yako mwendo mfupi tu wa gari. Unashuka kwa lifti futi 156 chini ya ardhi, unatembea kando ya mto wa chini kwa chini na unapanda mashua. Yaligunduliwa 1842 na mkulima Lester Howe, na yakafunguliwa vizuri kwa watalii 1929. Ni baridi, nyuzi 52 za Fahrenheit mwaka mzima, hata kiangazi usiende na fulana tu. Kiingilio kinalipwa na si kidogo, angalia bei mtandaoni kabla hujawaahidi watoto. Chokaa ile ile iliyochongwa mapango ndio imepitiwa na maji uliyonusa asubuhi, kwa hiyo ukianza na maji ukamaliza na pango watoto wanaelewa jiolojia bila kufundishwa.

Wapenda historia nendeni Cherry Valley, magharibi kidogo kwa Route 20, palipotokea mauaji ya Novemba 1778 wakati wa vita vya uhuru wao, na njiani mtaona duka la kumbukumbu lenye umbo la hema kubwa la Wahindi Wekundu, limesimama tangu 1950, ni mabaki ya zile siku Route 20 ilipokuwa na magari. Cooperstown nayo haiko mbali, ina ziwa zuri, na jumba la makumbusho ya besiboli kama kuna mtu kwenye gari anaelewa mchezo huo. Mimi bado.

Wa kulala: wikiendi za vuli vyumba vinaisha mapema sana, wekeni nafasi kiangazi. Na kama mnaleta wazee ulizeni kabisa kwenye simu kama kuna chumba cha chini na bafu lisilo na ukingo wa kuruka, majengo haya ya karne ya kumi na tisa ni ngazi juu ya ngazi na lifti hakuna.